MAREHEMU DAKTA MONDLANE NA KITABU CHA MAUTI

Dakta Eduardo Chivambo Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni, 1920, upande wa Manjacaze katika jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Alikuwa mtoto wa chifu, lakini utoto wake ulipita machungani. Wakoloni wa Kireno hawakuona haja ya kumsomesha Mwafrika kupita kiasi cha kumfanya mtumishi, kwa hiyo elimu aliitafuta kwa wamisionari wa Kiswisi. Akaenda Afrika ya Kusini, ambako makaburu walimfukuza mwaka 1949, kisha Lisbon, na mwishowe Marekani, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1960. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha chuo kikuu. Mtu mwingine angetosheka na hayo.

Yeye aliyaacha. Tarehe 25 Juni, 1962, vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana mjini Dar es Salaam kuwa FRELIMO, naye akachaguliwa kuwa Rais wake. Tarehe 25 Septemba, 1964, bunduki zililia Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, na vita vya ukombozi vikaanza.

Mreno hakuwa adui wa pekee. Katika sehemu zilizokombolewa walikuwako viongozi waliogeuza maduka ya ushirika kuwa mali yao, wakamnyonya mkulima yule yule waliyedai kumkomboa. Aliyejulikana zaidi ni Lazaro Nkavandame wa Cabo Delgado. Mwezi Mei, 1968, ofisi ya FRELIMO mjini Dar es Salaam ilivamiwa, na mpigania uhuru Mateus Muthemba akauawa. Mwezi Julai Mkutano Mkuu wa pili ulifanyika ndani ya Msumbiji, katika Niassa, ukamchagua tena Mondlane. Hapo wapinzani wake waliona kura haitawasaidia.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Februari, 1969, alichukua barua zake akaenda Oyster Bay, katika nyumba ya rafiki alimozoea kufanyia kazi. Miongoni mwake kilikuwamo kifurushi cha kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani lililipuka na kumwua papo hapo. Polisi wa Tanzania, wakisaidiwa na polisi wa kimataifa, walifuatilia vifaa vya bomu hilo mpaka Lourenço Marques, makao makuu ya wakoloni, na mkono wa PIDE, polisi wa siri wa Kireno, ukaonekana.

Lakini bomu halina miguu. Nani alilifikisha katika barua za Rais? Nkavandame, aliyekwisha kuvuliwa cheo, alikimbilia kwa Wareno miezi michache baadaye. Makamu wa Rais, Mchungaji Uria Simango, naye alishukiwa na wenzake, wala hakuna mahakama iliyopata kumtia hatiani kwa mauaji hayo. Haki yataka jambo hilo lisemwe. Sisi wa Mabogini na Moshi nzima hatuoni ajabu: Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi, 1900, na wazee husimulia kwamba waliomchongea walikuwa Wachaga wenziwe.

Mwalimu Nyerere alihudhuria maziko. Vita havikusimama hata siku moja, ingawa wauaji walitaraji hivyo. Samora Machel alishika uongozi mwaka 1970, na tarehe 25 Juni, 1975, miaka 13 kamili tangu FRELIMO kuzaliwa, bendera ya Mreno ilishushwa. Mifupa ya Mondlane ikachukuliwa kutoka Dar es Salaam, ikazikwa upya Maputo.