Harvey Cushing, munganga wa ubongo ambaye jina lake limebaki kwa mbwa

Mkaaji wa Kapolowe, kwenye njia ya Likasi na Lubumbashi, akiona mbwa wake anakunywa maji bila kushiba, tumbo linashuka na manyoya yanaanguka, atafikiri ni minyoo ao uzee. Mara nyingi anaweza kuwa na haki. Lakini pengine ni uvimbe mdogo chini ya ubongo, ambao unaleta ule wanganga wa wanyama wanauita ugonjwa wa Cushing. Jina hilo ni la munganga Mmarekani aliyepasua mbwa wengi katika kutafuta namna ya kuokoa watu.

Harvey Cushing alizaliwa tarehe 8 Aprili 1869 huko Cleveland, katika jamaa ya wanganga. Alisoma Yale, kisha Harvard, ambako alimaliza uganga mwaka 1895. Akiwa bado mwanafunzi, mgonjwa alikufa mikononi mwake wakati alikuwa anamupa dawa ya usingizi. Hakusahau. Yeye na mwenzake Ernest Codman wakaanza kuandika kwenye karatasi mapigo ya moyo ya kila mgonjwa wakati wa kupasuliwa. Mwaka 1901, akitoka Italia, alirudi Marekani na chombo cha kupima presha ya damu, akakiingiza katika chumba cha upasuaji.

Wakati ule, kufungua kichwa kulikuwa karibu sawa na kuhukumu mgonjwa kifo. Hatari zilikuwa tatu: damu isiyokauka, ubongo kuvimba ndani ya mfupa usioweza kupanuka, na vidonda kuoza. Huko Baltimore, kwenye chuo kikuu cha Johns Hopkins, Cushing aliongoza kazi ya upasuaji katika maabara ya Hunterian, iliyofunguliwa mwaka 1905. Wanafunzi walijifunza kwa kupasua mbwa, lakini kwa sheria zilezile za hospitali ya watu: dawa ya usingizi, mikono safi, na ripoti ya kila mnyama. Watu wa mji walileta pia mbwa wao wagonjwa, nao wakatibiwa hapo.

Swali lililomshika zaidi lilikuwa la tezi ya pituitari, kitu kidogo kama punje ya maharagwe, kinachoninginia chini ya ubongo. Pamoja na wasaidizi wake aliitoa kwa mbwa karibu 100, na matokeo yakatangazwa mwaka 1910. Mbwa walioondolewa tezi yote walikufa kisha siku chache. Wale walioondolewa sehemu tu waliishi, lakini watoto wa mbwa hawakukomaa na walinenepa. Cushing akaamini kwamba bila tezi ile hakuna uhai. Wengine walionyesha baadaye kwamba mbwa anaweza kuishi bila hiyo, kama upasuaji hauharibu ubongo ulio jirani.

Wanyama wale walilipa bei kubwa, na tangu wakati ule watu wengi walipinga kazi ya namna hiyo. Kwa upande wa wagonjwa, faida ilionekana. Cushing alipasua polepole, saa nyingi, akiheshimu kila mshipa. Mwaka 1911 alieleza vibanio vidogo vya fedha vya kufunga mishipa ya damu. Mwaka 1926 akaanza kutumia umeme wa kukausha damu, uliotengenezwa na William Bovie. Mwaka 1931, huko Boston, alifikisha uvimbe wa ubongo wa 2,000, na vifo kwa wagonjwa wake vilikuwa vimeshuka chini ya 10 kwa 100. Mwaka 1932 alieleza ugonjwa unaobeba jina lake.

Leo kazi ile imerudi kwa wanyama wenyewe. Huko Utrecht, Uholanzi, wanganga wa wanyama wanatoa tezi hiyo kwa mbwa wakipitia ndani ya kinywa. Ripoti yao ya mwaka 2005 juu ya mbwa 150 ilionyesha kwamba karibu 84 kwa 100 walikuwa hai kisha mwaka mmoja. Wengine walikufa katika wiki za kwanza, na anayepona anahitaji dawa mpaka mwisho wa maisha. Kwa paka, uvimbe wa ubongo unaoonekana zaidi ni meningioma, jina ambalo Cushing mwenyewe alilitoa mwaka 1922. Mara nyingi kwa paka unatoka vizuri, na wengi wanapata miaka miwili ao zaidi. Kwa mbwa unashikana zaidi na ubongo, na kuutoa wote ni vigumu.

Upasuaji huo unaomba skana, dawa na pesa nyingi. Lakini mbwa wa Cushing wanaweza pia kusaidiwa na vidonge, kwa hiyo kumuonyesha munganga wa wanyama mapema kuna maana. Lubumbashi ina kitivo cha uganga wa wanyama katika chuo kikuu chake. Na mbwa anayebadilika tabia kwa ghafula na kuuma, wazo la kwanza lisiwe uvimbe, bali kichaa cha mbwa: asiguswe, na aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni na kukimbia hospitali bila kungoja.

Cushing alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 7 Oktoba 1939 huko New Haven. Wanganga walipochunguza maiti yake, walikuta uvimbe mdogo ndani ya ubongo wake mwenyewe.