Otto Lilienthal

Otto Lilienthal (Anklam, 23 Mei 1848 – Berlin, 10 Agosti 1896) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka nchini Ujerumani. Anakumbukwa kama mtu wa kwanza aliyeruka mara nyingi, kwa mpangilio na mbele ya mashahidi, akitumia chombo kizito kuliko hewa kisicho na injini. Vipimo vyake kuhusu umbo la bawa viliwasaidia watengenezaji wa eropleni waliomfuata, wakiwemo ndugu Wright wa Marekani.

Maisha ya awali

Lilienthal alizaliwa katika mji mdogo wa Anklam, eneo la Pomerania, ambalo wakati ule lilikuwa sehemu ya Ufalme wa Prussia. Wazazi wake walipata watoto wanane, lakini watatu tu ndio waliofikia utu uzima: Otto, mdogo wake Gustav na dada yao Marie. Baba yao, aliyekuwa mfanyabiashara, alifariki mwaka 1861, na mama akabaki na kazi ya kuwalea na kuwasomesha.

Wakiwa wavulana, Otto na Gustav walipenda kuwatazama korongo weupe kwenye mbuga za karibu na mji. Ndege hao huzaliana Ulaya wakati wa kiangazi cha huko, kisha husafiri hadi Afrika, na wengi wao huonekana Kenya na Tanzania katika miezi ya baridi ya Ulaya. Ndugu hao waliona kwamba korongo huweza kwenda mbali bila kupiga mabawa. Walijitengenezea mabawa ya kujifunga mikononi, lakini hawakufanikiwa kuruka.

Otto alisoma shule ya ufundi mjini Potsdam, akafanya kazi kiwandani Berlin, halafu akasomea uhandisi katika chuo cha ufundi cha mji huo. Alishiriki vita kati ya Prussia na Ufaransa (1870–1871). Mwaka 1878 alimwoa Agnes Fischer, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1883 alianzisha kiwanda chake cha mashine za mvuke na matangi ya kuchemshia maji. Kuanzia mwaka 1890 aliwagawia wafanyakazi wake robo ya faida, jambo lililokuwa nadra wakati huo.

Utafiti kuhusu bawa

Watu wengi waliotaka kuruka walianza kwa kujenga mashine nzima na kuijaribu mara moja. Lilienthal alianza kwa kupima. Pamoja na Gustav alitengeneza mkono mrefu wa kuzunguka, uliosukumwa na mizigo iliyokuwa ikishuka. Kwenye ncha za mkono huo walifunga mabawa madogo ya maumbo mbalimbali, wakapima nguvu ya kuinua na ukinzani wa hewa kwa kila pembe.

Matokeo yalionyesha kwamba bawa lililopinda kidogo, kama la ndege, huinua vizuri kuliko bawa bapa. Sababu ni kwamba bawa la namna hiyo huielekeza hewa chini kwa utaratibu bila kuivuruga sana. Kanieneo ya hewa juu ya bawa huwa ndogo kuliko ile ya chini yake, na bawa husukumwa juu. Eropleni za leo bado hutegemea kanuni hiyo. Mwaka 1889 Lilienthal alichapisha vipimo vyake katika kitabu kuhusu kuruka kwa ndege kama msingi wa usanii wa kuruka.

Majaribio ya kuruka

Mwaka 1891, karibu na kijiji cha Derwitz, Lilienthal aliruka umbali wa mita 25 hivi. Baadaye, kwenye vilima vya Rhinow, alifikia mita 250. Mwaka 1894 alijengesha kilima cha mita 15 huko Lichterfelde, karibu na Berlin. Kilikuwa na umbo la pia, ili aweze kukimbia kuelekea upepo hata ukivuma kutoka upande gani. Kupaa dhidi ya upepo ni muhimu kwa sababu bawa hutegemea mwendo wa hewa inayolipitia, si mwendo wa chombo juu ya ardhi. Ndiyo maana hadi leo eropleni hupaa na kutua zikielekea upepo inapowezekana.

Vyombo vyake vilikuwa na fremu ya fito za mti na kitambaa cha pamba, na kimoja kilikuwa na uzito wa kilogramu 20 hivi. Aliuza nakala kadhaa kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo Nikolai Zhukovsky wa Urusi na Percy Pilcher wa Uingereza. Inakadiriwa kwamba aliruka mara 2,000 hivi, lakini muda wote aliokaa hewani haukuzidi sana saa tano.

Udhaifu wa vyombo hivyo ulikuwa katika kuviongoza. Lilienthal alishikilia fremu kwa mikono huku miguu ikining'inia, na aliongoza kwa kusogeza mwili mbele, nyuma au pembeni. Upepo ukibadilika ghafla, uzito wa mwili haukutosha kurekebisha.

Kifo

Tarehe 9 Agosti 1896, kwenye kilima cha Gollenberg karibu na Stölln, upepo uliinua pua ya chombo chake. Mwendo ukapungua mno, mabawa yakapoteza nguvu ya kuinua, naye akaanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi na kuvunjika shingo. Alipelekwa Berlin, akafariki siku iliyofuata akiwa na umri wa miaka 48. Pilcher naye alikufa kwa ajali ya kuruka mwaka 1899.

Urithi

Habari za kifo chake ziliamsha hamu ya Wilbur na Orville Wright. Walitumia jedwali lake la vipimo, lakini vyombo vyao vya kwanza viliinua kidogo kuliko walivyotarajia. Mwaka 1901 walipima mabawa upya ndani ya handaki la upepo, wakagundua kwamba kosa kubwa lilitokana na namba ya zamani ya kukokotolea kanieneo ya hewa, si vipimo vya Lilienthal. Kutokana na ajali yake walijifunza pia kwamba rubani anapaswa kugeuza mabawa na usukani, si mwili wake. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa injini.

Mwaka 2016 taasisi ya Ujerumani ya utafiti wa anga ilipima nakala ya chombo cha Lilienthal na kukuta kwamba kilikuwa na utulivu wa kutosha kuruka salama katika kimo cha wastani. Anklam kuna makumbusho yenye jina lake, na uwanja wa ndege wa Tegel mjini Berlin, uliofungwa mwaka 2020, uliitwa pia kwa jina lake.