Daktari John Snow na Kisima cha Broad Street

Huyu daktari alikuwa mtoto wa kibarua. John Snow alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa York, nchini Uingereza. Akiwa na umri wa miaka 14 alianza kujifunza udaktari huko Newcastle. Hapo ndipo alipouona ugonjwa wa kipindupindu, akiwauguza wachimba makaa ya mawe.

Siku zile madaktari wengi waliamini kuwa kipindupindu huletwa na hewa inayonuka. Snow hakukubali. Mgonjwa huharisha na kutapika, yaani ugonjwa umo tumboni. Basi lazima umeingia kwa kula au kunywa. Aliandika hivyo mwaka 1849, lakini wachache tu walimsikiliza.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, mjini London. Kwa siku 10 hivi walikufa watu zaidi ya 500. Wengine walikimbia. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu alikunywa maji ya wapi. Wengi walikuwa wameyachota katika kisima cha pampu cha barabara ya Broad.

Sasa angalia. Karibu na kisima hicho palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Hakufa hata mmoja! Wao walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Lakini mama mjane aliyekaa mbali, Hampstead, alikufa. Aliyapenda maji ya Broad, akawa analetewa kwa chupa. Mwenye mkahawa mmoja naye aliwapa wateja maji hayo wakati wa chakula. Tisa kati yao walikufa.

Snow aliwaeleza wakuu wa mtaa. Hawakusadiki sana, lakini tarehe 8 Septemba waliuondoa mpini wa pampu. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua.

Kasisi Henry Whitehead alidhani Snow amekosea, akachunguza mwenyewe. Aligundua kuwa mtoto mchanga aliharisha kabla ya wengine wote. Mama yake alifua nepi, akamwaga maji yake katika shimo la uchafu. Shimo lilipofukuliwa, kuta zake zilikuwa zimebomoka. Kutoka hapo hadi kisimani haikufika mita moja.

Snow alifariki mwaka 1858, akiwa na miaka 45, na wakubwa wengi walikuwa bado wanabisha. Barabara ile siku hizi inaitwa Broadwick. Pamewekwa pampu ya ukumbusho, haina mpini.