Joseph-Armand Bombardier: Fundi Aliyeitafutia Theluji Gurudumu

Wakazi wa Uasin Gishu wanaifahamu vyema adha ya barabara ya udongo wakati wa masika. Lori la mahindi huzama hadi ekseli, dereva hukanyaga mafuta, magurudumu huzunguka papo hapo, na kadiri yanavyozunguka ndivyo yanavyozidi kujichimbia kaburi. Kosa si la injini. Kosa liko pale gurudumu linapokutana na ardhi. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Kanada, alitumia takribani maisha yake yote kulitafutia ufumbuzi tatizo la namna hiyo, ingawa kwake kilichoziba njia hakikuwa tope bali theluji.

Bombardier alizaliwa tarehe 16 Aprili 1907 huko Valcourt, kijiji cha wakulima katika jimbo la Quebec. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake, Alfred, alitamani awe kasisi, hivyo akampeleka kusoma katika seminari mjini Sherbrooke. Hata hivyo, moyo wa kijana ulikuwa katika mashine. Mwishoni mwa mwaka wa 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alichukua injini kuukuu ya gari la Ford, akaifunga kwenye sleji na kuitia rafadha ya kuisukuma. Chombo hicho kilinguruma barabarani kijijini huku ndugu yake Léopold akikiongoza. Baba aliiona hatari ya rafadha iliyozunguka wazi, akaamuru chombo kifumuliwe mara moja. Akiwa na miaka 17, Armand aliacha seminari akaenda kujifunza ufundi wa magari.

Mnamo mwaka wa 1926 alifungua gereji yake mwenyewe Valcourt kwa msaada wa baba yake. Mwaka wa 1929 alimwoa Yvonne Labrecque. Majira ya joto kazi ilikuwa tele. Majira ya baridi barabara zilifungwa na theluji, wenye magari wakayaegesha hadi msimu upite, nayo gereji ikapoa. Miezi hiyo ndiyo Armand aliyoitumia kufanya majaribio. Aliunda chombo, akakijaribu, akakifumua, kisha akaanza upya.

Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1934, mwanawe Yvon, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Alihitaji kufikishwa hospitalini upesi, lakini barabara zilikuwa zimefunikwa na theluji, na chombo alichokuwa akikiunda baba yake hakikuwa tayari kwa safari. Mtoto akafariki. Wapo wanaosimulia kana kwamba msiba huo ndio uliozaa uvumbuzi. Ukweli ni mchungu zaidi. Armand alikuwa ameanza kazi hiyo miaka 12 kabla. Kifo cha Yvon hakikumfunza kwamba gari la theluji linahitajika. Kilimwonyesha gharama ya kuchelewa.

Hatua kubwa ilipatikana mwaka wa 1935. Badala ya kutafuta injini yenye nguvu zaidi, Bombardier alishughulikia sehemu inayogusa theluji. Alibuni gurudumu lenye meno lililovikwa mpira, likauvuta mkanda wa mpira uliounganishwa kwa vipande vya chuma. Mkanda huo ulizunguka magurudumu ya nyuma na kuutandaza uzito wa gari juu ya eneo pana, hivyo gari halikuzama. Mbele, skii zilichukua nafasi ya magurudumu ya kuongozea. Mpira nao ulipunguza mtikisiko. Alipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka wa 1937.

Gari la B7 lilibeba watu saba. B12 lililofuata likabeba 12. Madaktari, wasambazaji wa barua na shule walizinunua. Mgonjwa wa kijijini sasa aliweza kufikishwa hospitalini katikati ya Januari. Mwaka wa 1942 Bombardier alianzisha kampuni rasmi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akaunda magari ya jeshi. Lakini mwaka wa 1948 serikali ya Quebec iliamua kuondoa theluji katika barabara za mashambani, na mauzo yakaporomoka. Kilichokuwa neema kwa wanakijiji kikawa pigo kwa fundi wao.

Bombardier hakukata tamaa. Aliyageukia maeneo yasiyo na barabara kabisa. Mwaka wa 1953 alitoa trekta la Muskeg, lililoweza kupita kwenye kinamasi na theluji vilevile. Trekta la aina hiyo lilikuwa miongoni mwa magari ya msafara wa Vivian Fuchs uliovuka bara la Antaktika mwaka wa 1957 na 1958. Huyu ndiye Fuchs aliyeongoza msafara wa utafiti katika Ziwa Turkana mwaka wa 1934, ambako wenzake wawili walipotelea.

Mwaka wa 1959 ilitokea Ski-Doo, chombo chepesi kinachopandwa kama pikipiki. Mkanda wake ulibebwa na magurudumu madogo yenye springi. Katika miaka iliyofuata, waundaji wengi walihamia kwenye reli zenye vipande vya plastiki vinavyoteleza juu ya mkanda. Reli hizo hutuliza mwendo, lakini plastiki yake hutegemea theluji laini kuipoza na kuilainisha. Kwenye barafu tupu hupata joto, ikalika upesi. Ndiyo maana mafundi huongeza magurudumu, au huweka makubwa zaidi, ili yabebe sehemu ya uzito na kuipumzisha plastiki. Gurudumu kubwa, kwa mwendo uleule, huzunguka mara chache zaidi, hivyo beringi zake hudumu. Swali la Valcourt limebaki palepale: uzito ubebwe na nini, na msuguano uende wapi?

Bombardier alifariki kwa saratani tarehe 18 Februari 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Kampuni yake baadaye iliingia katika treni na ndege. Ndege za Dash 8-400 ambazo zimekuwa zikitua katika uwanja wa Eldoret ziliundwa na kampuni iliyobeba jina lake, kabla haijauza kitengo hicho mwaka wa 2019. Abiria wake huvuka Bonde la Ufa kwa muda mfupi. Lakini chini yao, katika vijiji visivyo na lami, mvua inaponyesha usiku na mtoto akazidiwa, mzazi bado huisikiliza barabara kwa hofu ileile ya mwaka wa 1934.