Mtemi Nyerere Burito na Jina Lake

Hapa kwetu Mara likitajwa jina la Nyerere kila mtu humwaza Mwalimu. Lakini mwenye jina hilo hasa alikuwa baba yake, Mtemi wa Butiama. Twapenda kusimulia habari zake, maana ndani yake twaona jinsi majina ya koo zetu yalivyopatikana, na jinsi mengine yalivyopotea.

Alizaliwa karibu na mwaka 1860, mwana wa Burito, katika kabila la Wazanaki. Wakati huo viwavijeshi walikuwa wamevamia nchi. Kwa Kizanaki kiwavi huyo ni nyerere, basi mtoto akaitwa hivyo. Wageni wengine hudhani ni jina la dharau. Sivyo. Wazee wetu hawakuwa na kalenda ukutani. Jina la mtoto ndilo lililotunza msimu, na aliyelisikia aliweza kukadiria umri wa mwenyewe. Tena lilikuwa la mtu mmoja, si la ukoo. Baba ni Burito, mwana ni Nyerere, basi.

Zamani Wazanaki hawakuwa na watemi. Mambo yaliamuliwa na wazee na marika, na wenye kuleta mvua walisikilizwa sana. Wajerumani walitaka mtu mmoja wa kumpa amri, na mwaka 1915 wakamweka Nyerere. Haikuwa kazi nyepesi kusimama kati ya jirani zako na serikali ya wageni. Baada ya vita vile vikuu Waingereza wakaichukua nchi, naye akabaki katika kiti chake.

Alioa wake 22. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo, ingawa Kanisa letu halikubaliani nalo. Mke wa tano, Mugaya wa Nyang'ombe, alijifungua mtoto wa kiume mwezi Aprili 1922. Kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi, lakini kwa shauri la mganga akabadilishwa kuwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua.

Mwaka 1934 Kambarage alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Sisi tulioshika daftari la shule twalijua jambo hili: mtoto huulizwa jina lake, kisha la baba yake, na mwalimu huandika mawili hayo tu. Kambarage Nyerere maana yake Kambarage mwana wa Nyerere. Desemba 1943, baba akiwa amekwisha kufa, alibatizwa katika Kanisa Katoliki akaitwa Julius. Jina la baba likasimama mwisho, nalo la mwisho ndilo Wazungu walilolishika kuwa la ukoo. Kama shule ingelifika kizazi kimoja mapema, huenda dunia ingelijua jina la Burito.

Ndivyo ilivyo katika nyumba zetu nyingi. Mzee aliyekuwapo daftari lilipofika amekuwa jina la ukoo, na baba yake yumo vinywani mwa wazee wachache tu. Afadhali waulizwe sasa, tena waulizwe mvua, njaa au wadudu gani walikuwapo mtoto alipozaliwa.

Mtemi alifariki Machi 1942, na mwanawe Edward Wanzagi akakalia kiti. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika, chini ya Kambarage yule yule, iliufuta utemi nchini kote. Kaburi la Mtemi liko Mwitongo, Butiama, na Oktoba 1999 Mwalimu naye alizikwa huko huko.