Lingiari, kapita mwenye aliomba udongo

Siye watu wa sendika, wakati wenzetu wanatuuliza greve inaweza kudumu siku ngapi, tunawaelezea habari ya Vincent Lingiari. Ile yake ilidumu miaka 9.

Lingiari alikuwa Mugurindji, wa wale wenyeji wa Australia wenye walikuwa kule mbele wazungu wafike. Alikuwa kapita wa wachunga ng'ombe kwenye shamba la Wave Hill, mbali sana kusini ya Darwin. Shamba lilikuwa la kampuni ya Vestey, tajiri wa Uingereza. Udongo ulikuwa wa babu zao, lakini wao walikuwa wanalala mu vibanda vya mabati, wanalipwa unga, sukari, chai, nyama na makuta kidogo. Wazee wetu wenye walikula posho wanajua ile hesabu.

Mwezi wa 3, 1966, tribinali ya kazi iliamua wachunga wenyeji walipwe sawa na wazungu, lakini kuanzia Mwezi wa 12, 1968. Wangoje tena! Mwaka ule Lingiari aliangushwa na nyama, akapelekwa hospitali ya Darwin. Kule alizungumuza na Dexter Daniels, mutu wa sendika, mwenyeji kama yeye.

Tarehe 23 Mwezi wa 8, Lingiari aliondoka pamoja na watu karibu 200, wanaume, wamama na watoto, kwa miguu, mpaka ngambo ya mutoni. Mwaka wenye kufuata wakahamia Daguragu, karibu na mahali pao patakatifu.

Hapa njo wengi walishindwa kuelewa, hata wamoja wa sendika. Waliwaza ni mushahara tu. Lakini 1967 Lingiari na wenzake waliandikia gavana mukuu, mwenye kusimamia malkia wa Uingereza, wakaomba udongo wao. Wakakataliwa. Wakabakia palepale. Wafanyakazi wa bandari waliwatumia feza. Bila ile, tunaona njaa ingewarudisha kwa bwana shamba.

Tarehe 16 Mwezi wa 8, 1975, waziri mukuu Gough Whitlam alifika Daguragu, akamumwangia Lingiari muchanga mu kiganja. Picha ile inajulikana sana. Lakini karatasi yenye alipewa siku ile ilikuwa ya kukodi tu, na wengi wanasahau ile. Karatasi ya kuwa na udongo kabisa ilifika 1986. Lingiari aliiona, akiwa muzee. Akakufa Mwezi wa 1, 1988.