Károly Takács, mwanajeshi aliyeshinda dunia kwa mkono wa kushoto

Mwaka 1938, wakati wa mazoezi ya jeshi la Hungaria, grenadi moja yenye kasoro ililipuka mkononi mwa sajenti aliyekuwa ameishika. Ikaharibu kabisa mkono wake wa kuume. Ajali za namna hii hutokea jeshini, na mara nyingi jina la aliyeumia halitoki nje ya kambi. Lakini sajenti huyo aliitwa Károly Takács, mmoja kati ya walenga shabaha bora wa bastola katika inchi yake, na mkono uliopotea ndio ule aliokuwa akiutumia kufyatua.

Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Bunia ama Uvira, hakuna haja ya kueleza grenadi ni kitu gani. Wapo kati yao wanaoishi na mkono mmoja kwa sababu yake, raia na wanajeshi, na wanajua namna jamaa huanza kuzungumza juu yao kana kwamba maisha yao yamekwisha. Takács naye alizungumziwa hivyo. Miaka kumi baada ya mlipuko alisimama Uingereza mbele ya walenga shabaha wa mataifa mengi, bastola ikiwa mkono wa kushoto, na akawapita wote.

Alizaliwa Budapest tarehe 21 mwezi wa kwanza 1910, wakati Hungaria ilikuwa bado sehemu ya ufalme mkubwa wa Austria-Hungaria. Alipokuwa na miaka minane ufalme huo ulishindwa katika vita na kuvunjika. Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 uliinyang’anya Hungaria sehemu mbili kwa tatu za ardhi yake na kuliwekea jeshi lake kikomo cha watu 35 000. Kijana aliyeingia katika jeshi dogo namna hiyo alijua kwamba vyeo vya juu ni vichache na foleni ni ndefu. Takács akafika kwenye cheo cha sajenti. Hapo ndipo kipaji chake cha bastola kilipojulikana.

Siku zile mchezo wa kulenga shabaha ulikuwa karibu mali ya majeshi. Wanajeshi ndio waliokuwa na silaha, viwanja, risasi za bure na muda wa kujizoeza. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya inchi zilizoshinda yalifanya michezo yao wenyewe huko Ufaransa, na kulenga shabaha kukawa moja kati ya mashindano hayo. Hata mchezo wa Olimpiki unaochanganya kukimbia, kuogelea, kupanda farasi, upanga na bastola ulitungwa kwa kufikiria ofisa wa jeshi aliye katikati ya maadui. Ulipochezwa kwa mara ya kwanza huko Stockholm mwaka 1912, Mmarekani aliyemaliza wa tano alikuwa luteni kijana aliyeitwa George Patton, yule aliyekuja kuwa jenerali mashuhuri katika Vita vya Pili.

Lakini ofisa ni ofisa, na sajenti ni sajenti. Kufikia mwaka 1936 Takács alikuwa na kiwango cha kutosha kuingia katika timu iliyotumwa Berlin kwa michezo ya Olimpiki. Akakataliwa. Sheria ya Hungaria ilisema kwamba wanajeshi wanaoruhusiwa kushindana ni maofisa peke yao, na yeye hakuwa ofisa. Hakuna aliyesema kwamba hajui kulenga. Shida ilikuwa alama iliyoshonwa kwenye nguo yake. Dhahabu ya bastola ya kasi huko Berlin ikachukuliwa na Mjerumani Cornelius van Oyen, huku Takács amebaki nyumbani akiwa na miaka 26, umri ambao jicho ni kali na mkono umetulia.

Upumbavu huo haukuwa wa Hungaria peke yake. Mwaka 1948, huko London, timu ya Uswidi ilishinda dhahabu katika mchezo wa kuongoza farasi kwa madaha. Mmoja wa wapanda farasi wake watatu, Gehnäll Persson, alikuwa sajenti, na mchezo huo ulikuwa haumpokei mwanajeshi asiye ofisa. Jeshi la Uswidi likampandisha cheo kuwa luteni siku chache kabla ya michezo, na mara michezo ilipokwisha likamrudisha chini. Wakubwa wa mchezo huo walipogundua ujanja, mwaka 1949 wakaipokonya Uswidi medali na kuipa Ufaransa. Kisha sheria ikabadilishwa. Mwaka 1952 watu watatu walewale wakarudi, Persson akiwa pamoja nao, wakashinda dhahabu mchana kweupe. Mwaka 1956 wakashinda tena. Cheo hakikuongeza wala kupunguza kitu kwa farasi.

Huko Hungaria katazo liliondolewa baada ya Berlin. Njia ya Takács ikawa wazi: michezo ya mwaka 1940 ilikuwa imepewa Tokyo, na alikuwa na miaka minne ya kujitayarisha. Grenadi ikalipuka katikati ya matayarisho hayo.

Alikaa hospitalini muda wa mwezi mmoja. Alipotoka hakurudi kwa wenzake kuomba huruma. Alianza kujizoeza kwa siri, akitumia mkono wa kushoto.

Mtu asiyewahi kushika bastola anaweza kudhani kwamba kubadili mkono ni kazi ya majuma machache. Katika shindano la Takács, la meta 25, bastola hushikwa kwa mkono mmoja tu, bila kuegemea kitu. Mbele ya mshindani kuna shabaha tano zilizopangwa kwa mstari. Anangoja mkono ukiwa chini. Shabaha zinapojitokeza ndipo anauinua, anafyatua risasi moja kwa kila shabaha, na kabla hazijafichwa sherti awe amemaliza zote tano. Mara ya kwanza anapewa sekunde nane, kisha sita, kisha nne. Katika sekunde nne hakuna nafasi ya kufikiri. Kifundo cha mkono, bega, kidole na jicho sherti vijue kazi yao vyenyewe, kama vidole vya mpiga gitaa vinavyojua nyuzi. Ujuzi ule ulikuwa umekaa katika mkono wa kuume kwa miaka mingi, na mkono ule haukuwepo tena. Wa kushoto ulipaswa kuanza kama mtoto anayejifunza kuandika. Tena jicho lililozoea kuongoza upande mmoja lilipaswa kuzoea upande mwingine.

Katika majira ya kuchipua ya 1939, karibu mwaka mmoja tu baada ya ajali, wapiga bastola wa Hungaria walikutana kwa mashindano ya taifa. Takács alitokea. Husimuliwa kwamba wenzake walimwendea kumpa pole na kumshukuru kwa kuja kuwatazama, naye akawajibu kwamba hakuja kutazama, amekuja kushindana. Akashinda. Mwaka uleule alikuwa katika timu ya Hungaria iliyopata ubingwa wa dunia huko Lucerne, Uswisi.

Hapo hadithi ingeweza kwenda moja kwa moja hadi Olimpiki. Lakini vita vilianza mwezi wa tisa wa mwaka ule. Michezo ya 1940, iliyokuwa imeondolewa Tokyo na kupelekwa Helsinki, ikafutwa. Ile ya 1944, iliyopangiwa London, nayo ikafutwa. Hungaria iliingia vitani upande wa Ujerumani, na mwishoni mwa mwaka 1944 Budapest ilizungukwa na jeshi la Sovieti, mapigano yakaendelea barabara kwa barabara hadi mwezi wa pili 1945. Madaraja yote ya mto Danube mjini yalibomolewa. Takács aliona miaka yake mizuri ya uanamichezo ikipita, kutoka miaka 30 hadi 35, bila shindano kubwa hata moja. Wanaodhani kwamba grenadi ndiyo iliyomwibia zaidi wafanye hesabu hii: grenadi ilimwibia mwaka mmoja, vita vikamwibia minane.

Mwaka 1948 michezo ilirudi. London ilikuwa bado na mashimo ya mabomu, chakula kinagawanywa kwa vipimo, na wanamichezo wanalala katika kambi za jeshi na mashule. Ujerumani na Japani hazikualikwa. Hungaria ilialikwa, na ikamtuma Takács, mwenye miaka 38.

Kulenga shabaha kulifanyiwa Bisley, nje ya London, kwenye viwanja ambako wapiga bunduki wa Uingereza na wa inchi nyingine wamekutana tangu mwaka 1890. Aliyetazamiwa kushinda bastola ya kasi alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina. Huyu alikuwa bingwa wa dunia na mwenye rekodi ya dunia, alama 570 kati ya 600. Alipomwona Takács alishangaa, akamuuliza amefuata nini London. Takács akamjibu kwamba amekuja kujifunza.

Kila mtu alipiga risasi 60. Muargentina hakulegea: alipata alama 571, akaipita rekodi yake mwenyewe. Siku nyingine yoyote ingemtosha. Lakini Takács alipata 580. Katika mchezo ambao bingwa huzidi mwenzake kwa alama moja ama mbili, rekodi ya dunia ilikuwa imesogezwa kwa alama kumi na mtu aliyeanza kutumia mkono huo akiwa mtu mzima. Sven Lundquist wa Uswidi akawa wa tatu na 569. Inasimuliwa kwamba wakati wa medali Sáenz Valiente alimpongeza kwa kumwambia kwamba sasa amejifunza vya kutosha. Ni neno la muungwana, hasa likitoka kwa mtu aliyekuwa amenyang’anywa dhahabu na rekodi mara moja.

Takács hakuwa wa kwanza kushinda Olimpiki akiwa amepungukiwa kiungo. Mwaka 1904, huko St. Louis, Mmarekani George Eyser alishinda medali sita za jimnastiki akiwa na mguu wa mbao. Na Hungaria yenyewe ilikuwa na Olivér Halassy, aliyekatwa mguu mmoja chini ya goti, ambaye alishinda dhahabu mbili katika mpira wa majini, mwaka 1932 na 1936. Inawezekana kabisa kwamba mfano wa Halassy ulimsaidia Takács zaidi ya maneno yote ya kumfariji, kwa maana wote wawili walikuwa wa inchi moja na wa kizazi kimoja.

Jambo lingine lilitokea Uingereza katika majira yale na halikuangaliwa sana. Tarehe 29 mwezi wa saba 1948, siku ileile michezo ya London ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann alikusanya wanajeshi 16 walioumizwa vitani, wanaume na wanawake, kwenye uwanja wa hospitali ya Stoke Mandeville. Walikuwa wamekaa katika viti vya magurudumu, wakashindana kupiga mishale. Kutoka pale ndipo michezo ya Paralimpiki ilipozaliwa. Takács alikuwa katika inchi ileile, majuma yaleyale, akishindana na wenye mikono miwili.

Mwaka 1952 alikwenda Helsinki kutetea medali yake. Safari hii hatari ilitoka nyumbani. Szilárd Kun, Muhungaria mwenzake, alikuwa na miaka 17 tu na alikuwa amefundishwa na Takács mwenyewe. Mwalimu alipata 579, mwanafunzi 578. Mromania Gheorghe Lichiardopol naye akapata 578 na kushika nafasi ya tatu. Alama moja tu iliwatenganisha watu watatu, na mwalimu mwenye miaka 42 akabaki juu. Kabla yake hakuna aliyewahi kushinda dhahabu ya bastola ya kasi mara mbili.

Melbourne, mwaka 1956, haikuwa hivyo. Wanamichezo wa Hungaria waliondoka wakati inchi yao inawaka moto: maasi ya mwezi wa kumi yalikuwa yamekandamizwa na vifaru vya Sovieti mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Takács alishindana, akamaliza wa nane, na dhahabu ikachukuliwa na Ștefan Petrescu wa Romania kwa alama 587. Rekodi zilikuwa zimemkimbia. Hata hivyo mwaka 1958, akiwa na miaka 48, alipata medali ya shaba katika ubingwa wa dunia huko Moscow. Katika mashindano ya inchi yake alikuwa bingwa mara 35.

Jeshi lililomkataza kwenda Berlin kwa sababu ya cheo halikumfukuza baada ya kukatika mkono. Alipanda ngazi mpaka akastaafu akiwa luteni-kolonele, kisha akaendelea kuwafundisha vijana bastola.

Mwaka 1972, huko Munich, Józef Zapędzki wa Poland alishinda dhahabu ya bastola ya kasi kwa mara ya pili na kuifikia hesabu ya Takács. Mhungaria alikuwa bado hai kuisikia habari hiyo. Alifariki Budapest tarehe 5 mwezi wa kwanza 1976, siku 16 kabla ya kutimiza miaka 66. Ilipasa kungojea hadi mwaka 2004, huko Athens, ili Mjerumani Ralf Schumann afikishe dhahabu tatu katika shindano hilo, akiwa na mkono wake wa kuume.